Malta: Siku tatu katika kisiwa cha mawe ya kale

Msemaji wa Kiswahili akiwasikia wenyeji wa Malta wakihesabu hatakosa kutega sikio. Sita kwao ni sitta, saba ni sebgħa na tisa ni disgħa. Bahari ni baħar, kitabu ni ktieb, nayo dunia huitwa dinja. Asili ya mfanano huo ni Kiarabu. Waarabu waliiteka Malta mwaka wa 870, na ingawa Wanormani waliwapokonya utawala mnamo 1091, lugha ilibaki. Baadaye ilichanganyika na Kisisilia na Kiitaliano, na leo huandikwa kwa herufi za Kirumi.

Malta iko katika Bahari ya Mediterania, kilomita zipatazo 90 kusini mwa kisiwa cha Sicily nchini Italia. Nchi nzima, ikijumuisha visiwa vya Gozo na Comino, ina ukubwa wa kilomita mraba 316 pekee. Kwa sababu hiyo, siku tatu zinamtosha mgeni kuona mengi, mradi apange safari yake mapema.

Siku ya kwanza huanzia Valletta, mji mkuu. Mnamo 1565, askari watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohana, waliopewa kisiwa hicho mwaka wa 1530, walizingirwa na majeshi ya Milki ya Osmani tangu Mei hadi Septemba. Walipookoka, kiongozi wao, Jean de Valette, aliamuru ujengwe mji wenye ngome imara. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 1566, na mji ukapewa jina lake. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana mna mchoro mkubwa wa Caravaggio unaoonyesha kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Aliuchora mwaka wa 1608, na ndio mchoro wake wa pekee wenye sahihi yake. Mwaka huo huo alifungwa, akatoroka na kufukuzwa katika shirika hilo.

Siku ya pili inafaa kutengewa Mdina, mji mkuu wa zamani, ambao jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mji. Wakazi wake hawafiki 300, na magari huruhusiwa kuingia kwa nadra. Katika mji jirani wa Rabat kuna pango ambalo, kwa mujibu wa mapokeo, Mtume Paulo aliishi baada ya merikebu yake kuvunjika, kisa kinachosimuliwa katika Matendo ya Mitume.

Siku ya tatu ni ya Gozo, safari ya feri ya takriban dakika 25. Huko yapo mahekalu ya Ġgantija, yaliyoanza kujengwa yapata mwaka wa 3600 Kabla ya Kristo, karne nyingi kabla ya piramidi za Misri.

Hata hivyo, mawe hayo hayatadumu milele. Mengi ni ya chokaa, nayo huliwa polepole na mvua, jua na chumvi ya bahari. Ndiyo maana mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra yalifunikwa kwa mahema makubwa mwaka wa 2009. Huko Gozo, tao mashuhuri la mwamba lililojulikana kama Dirisha la Samawati liliporomoka baharini wakati wa dhoruba mnamo Machi 8, 2017. Aliyeahirisha kwenda kuliona hatalipata tena.

Kaburi la chini ya ardhi la Ħal Saflieni, lililogunduliwa mwaka wa 1902, ni kielelezo kingine. Inakisiwa kuwa watu wapatao 7,000 walizikwa humo. Kwa kuwa pumzi na joto la watu huharibu michoro yake ya rangi nyekundu, wageni wachache tu huruhusiwa kuingia kila siku. Tiketi huisha mapema, hivyo ni heri kuinunua wiki kadhaa kabla ya kusafiri.

Mkenya huhitaji viza ya Schengen ili kuingia nchini humo. Akishafika, mambo kadhaa hayatamwia mageni: Kiingereza ni lugha rasmi, na magari hupita upande wa kushoto. Malta nayo ilitawaliwa na Uingereza, ikajipatia uhuru Septemba 21, 1964, miezi tisa tu baada ya Kenya. Aprili, Mei na Oktoba ni miezi mizuri zaidi. Julai na Agosti huwa na joto kali na umati wa watalii.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Malta hunufaika sana na fedha za wageni, lakini wingi wao pia huweza kuviharibu vitu vile vile wanavyosafiri kuviona. Mgeni mwema, basi, ni yule asubiriye zamu yake, aonaye kwa macho bila kugusa, na aondokaye akiyaacha mawe kama alivyoyakuta.