Neno Baridi Katika Safari ya Kilema

Mtu akaaye Msasani hulitumia neno baridi kwa mambo madogo. Kusi ivumapo mwezi wa Julai, mvuvi hujitanda shuka akasema leo kuna baridi. Jua likipanda, neno husahauliwa pamoja na shuka. Lakini neno hilo la pwani lilipata kubeba mzigo mkubwa katika historia ya mlima Kilimanjaro. Yafaa tulitazame, kwa kuwa lina funzo kwa kila mwanafunzi asomaye vitabu vya safari za kale.

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa chama cha Church Missionary Society, aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, mwishoni mwa Aprili 1848. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeyajua mapito ya bara. Walipita katika nyika na vilima vya Taita wakielekea nchi ya Wachaga. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona juu ya mlima weupe mkali, akadhani ni wingu. Kiongozi wake aliuita weupe ule baridi, basi. Rebmann aliliandika neno kama masikio yake yalivyolipokea, beredi, akatambua kuwa aliyokuwa akiitazama ni theluji.

Msafara ulipofika Kilema ulipokewa na Mangi Masaki. Huko mgeni hakuingia kama aingiavyo sokoni. Kwa desturi ya Wachaga mnyama alichinjwa, na kipande cha ngozi yake kikavishwa kidoleni kuwa ushahidi wa urafiki. Wenyeji hawa, wakulima wa migomba walioteremsha maji ya mlimani kwa mifereji, hawakuwa na haja ya kufundishwa kilicho juu ya vichwa vyao. Miongoni mwa habari zilizoingia katika maandishi ya wamisionari ni ile ya Rungua, Mangi wa Machame, aliyetuma watu kwenda kuuchunguza weupe ule. Wenziwe walipotea huko. Aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Elimu hiyo ililipiwa kwa roho za watu.

Habari ya Rebmann ilichapwa Uingereza mwaka 1849. William Desborough Cooley, mjuzi wa jiografia ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki, aliikana, na katika kitabu chake cha mwaka 1852, Inner Africa Laid Open, alishikilia neno lake. Isidhaniwe kwamba theluji karibu na ikweta ilikuwa jambo lisilosikika Ulaya. Alexander von Humboldt alikuwa ameupanda Chimborazo, katika nchi ya Ekwado ya leo, mwaka 1802, na theluji ya milima ile ilijulikana sana. Wala Cooley hakuwa mtu wa kudharau kila neno la pwani: maelezo yake juu ya ziwa la bara yalitegemea sana masimulizi ya Khamis bin Uthman, mtu wa pwani aliyefika Uingereza. Shahidi aliyeafikiana na ramani yake alisikilizwa, aliyeipinga alikataliwa. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure.

Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro, na mwaka 1862, akiwa pamoja na Otto Kersten, alipanda zaidi ya meta 4,000. Maneno ya Rebmann yakathibitika. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, penye urefu wa meta 5,895.

Huenda msomaji akasema kwamba Bwana Kheri hakuijua theluji, maana hakuitaja kwa jina lake. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Rebmann alikuwa na jina alilolichukua kwao Ulaya. Bwana Kheri aliitaja kwa tendo lake, na tendo hilo ndilo lililowaangamiza watu wa Rungua. Mmoja alitaja umbo, mwingine alitaja nguvu. Wote wawili walisema kweli, ila mmoja tu alikuwa na kalamu.

Hapa ndipo penye kazi yetu. Sauti ya Bwana Kheri imetufikia kwa hisani ya mkono wa mtu mwingine, na juu ya mlima ule imebaki karibu neno moja. Tusomapo kitabu cha safari, haitoshi kuuliza nani aliandika na nani alifika. Tuulize pia nani aliongoza njia, nani alifasiri, nani alibeba mizigo, na mwenyeji alijua nini kabla mgeni hajabisha hodi. Majibu hayatakuwa mengi, na mengine yatakuwa mafupi kama neno baridi. Mwanahistoria asiyapite kwa sababu ya ufupi wake.