Shajara Bila Chumba: Maandishi ya Karantini Kibera na Kawangware

Shajara ya karantini, yaani maandishi ya kila siku ya mtu aliyezuiliwa mahali pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko, huhesabiwa miongoni mwa ushahidi bora wa nyakati za maradhi, kwa kuwa hunasa hofu na uvumi kabla kumbukumbu haijavipanga upya. Mfano uliovuma zaidi wakati wa UVIKO-19 ni wa mwandishi wa Kichina Fang Fang, ambaye baada ya mji wa Wuhan kufungwa tarehe 23 Januari 2020 aliandika mtandaoni karibu kila siku, akasomwa na mamilioni, na akashambuliwa vikali na wananchi wenzake waliomwona ameliaibisha taifa. Makala haya yanadai kwamba utanzu huo, pamoja na heshima yote unayostahili, unategemea kitu ambacho wakazi wengi wa Kibera na Kawangware, mitaa ya mabanda jijini Nairobi, hawakuwa nacho, nacho ni chumba cha kukaa peke yako, na kwamba mtafiti anayeisaka shajara ya mitaa hiyo kwa sura ya ile ya Wuhan atarudi mikono mitupu ilhali maandishi yapo.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, ikaanza tarehe 27 Machi, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, asiingie mtu wala kutoka. Karantini yenyewe, kwa maana ya kumtenga anayeshukiwa kuambukizwa hadi ijulikane kama ni mgonjwa au la, ilifanyika katika hoteli na mabweni ya vyuo, mwanzoni kwa gharama za waliozuiliwa, na serikali ilipotangaza kwamba hata wavunjao kafyu wangepelekwa huko, hatua ya tiba ikageuka adhabu machoni pa watu. Wengine waliruka ukuta wakatoroka. Kwa walio wengi, hata hivyo, agizo lilikuwa kukaa nyumbani, na hapo ndipo penye mzizi wa suala hili.

Nyumba ya kawaida ya Kibera ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, chenye kuta za udongo au mabati, ambamo familia nzima hulala, hupika na kula. Choo ni cha ploti au cha kulipia, na maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Vyumba vingi havina dirisha, hivyo mlango ndio unaoleta mwanga na hewa, na kuufunga mchana ili mtu aandike ni kujitia gizani. Fasihi ya Kiswahili inayo maandishi mashuhuri ya kufungiwa, hasa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyozaliwa katika kifungo chake cha miaka mitatu kuanzia 1969, lakini upweke uliomtesa mshairi huyo ndio pia uliompa nafasi ya kutunga. Kibera kulikuwa na kizuizi kisicho na upweke, hali ambayo nadharia ya shajara haijaishughulikia ipasavyo.

Maandishi ya mitaa hii yamo, kwanza kabisa, katika madaftari ya deni ya maduka ya mtaani. Mama fua wa Kawangware, ambaye kabla ya janga alitembea hadi mtaa wa kitajiri wa Lavington kufua nguo kwa malipo ya siku, alikuta mageti yamefungwa kwa kuwa waajiri walimwogopa yeye kama walivyoogopa virusi, na kuanzia siku hiyo jina lake likaingia daftarini: unga nusu kilo, mafuta ya kupima ya shilingi kumi, sabuni kipande, tarehe, na jumla inayokua bila kufutwa. Tarehe 10 Aprili umati ulipokanyagana Kibera kwa chakula cha msaada na polisi wakarusha vitoza machozi, magazeti yaliandika kuhusu siku hiyo moja, ilhali wiki zilizoitangulia, ambamo njaa ilijengeka shilingi kwa shilingi, zimehifadhiwa na mwenye duka.

Ushahidi wa pili umo katika simu. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020 makato ya kutuma pesa kwa M-Pesa yaliondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na kila ujumbe una tarehe, saa, jina na kiasi, kiasi cha kumwezesha mtafiti kuona nani alimkumbuka nani. Hata vichwa vya watoto viliandikwa: mwezi Mei msusi mmoja wa Kibera alikuwa akisuka nywele zilizosimama kama miiba ya virusi, kwa takriban shilingi 50.

Huenda ikapingwa kwamba daftari halisemi moyo wa mtu. Ni kweli, na hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwani orodha ya unga haiwezi kuchukua nafasi ya mwandishi anayefikiri. Lakini daftari linaposomwa kwa sauti mbele ya aliyekopa na aliyekopesha, kila mstari huvuta masimulizi yake, na wawili hao husahihishana, jambo ambalo mwandishi wa shajara aliyejifungia hana wa kumfanyia. Hasara kubwa ni kwamba deni likiisha ukurasa huchanwa, na simu ikipotea ujumbe hupotea nayo.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na kila mwaka unaopita unapunguza kurasa zilizosalia. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa na idara za historia na Kiswahili katika vyuo vikuu vya Nairobi zinapaswa kwenda Gatwekera na Laini Saba huko Kibera, na Gatina huko Kawangware, sasa, kwa idhini ya wenyewe na kwa kuficha majina yao, zikayanakili madaftari hayo na kurekodi sauti za walioyaandika.