Nasaba ya Lugha Zisikikazo Kinyinya

Asikilizaye mazungumzo ya Kinyinya, mjini Kigali, hatakawia kutambua udugu wa Kinyarwanda na Kiswahili, udugu uliomfanya Mjerumani Wilhelm Bleek, katika karne ya 19, kuzikusanya lugha kama hizi chini ya jina la Kibantu. Mwaka 1948 Malcolm Guthrie wa London alizigawa kwa kanda: Kiswahili akakitia katika G, Kinyarwanda na Kirundi katika D, na Kiganda na Kihaya katika E, lakini Meeussen na wanazuoni wenziwe wa Tervuren, Ubelgiji, kwa kuwa waliona lugha za Maziwa Makuu zashabihiana mno hata zisistahili kutenganishwa, waliziundia kanda moja, J. Hoja yao ni ya haki, maana nasaba hutangulia ramani.