Joto la Garsen na kompyuta: nani hasa wa kulaumiwa?

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, nataka tuongee historia kidogo. Kuna kauli moja imenichosha. Ukitoka Malindi kuelekea Garsen, ingia duka lolote lenye kompyuta uulize kwa nini ile ya pembeni imefunikwa na haifanyi kazi. Jibu ni lile lile: "Huku mashine hazidumu, joto limezidi." Nimewasikia hata watu wazima, wenye vyeo vyao, wakiitumia kauli hiyo kueleza kwa nini si busara kupeleka kompyuta katika shule za huko chini deltani.

Joto lenyewe si la utani. Kaunti ya Tana River ina wastani wa nyuzi 30 hivi kwa mwaka, na kati ya Januari na Machi hupanda hadi nyuzi 41. Ukikaa Minjila saa nane mchana ukisubiri gari la Lamu utanielewa. Swali langu ni moja: je, joto hilo peke yake linatosha kuizima kompyuta?

Tuanze mbali. ENIAC, ile kompyuta kubwa iliyoonyeshwa kwa umma huko Philadelphia mwezi Februari 1946, ilikuwa na valvu kama 18,000 na ilikula takriban kilowati 150 za umeme. Piga hesabu ya birika 75 za umeme, za wati 2,000 kila moja, zikichemka pamoja ndani ya ukumbi mmoja. Umeme wote ule uligeuka joto, na wahandisi walilazimika kuweka mafeni makubwa ya kulitoa. Cha kushangaza ni kwamba valvu nyingi ziliungua wakati wa kuwashwa na kuzimwa, pale zilipopata moto na kupoa ghafla, kuliko zilipokuwa zikiendelea na kazi. Kwa hiyo wakaona heri kutoizima kabisa. (Watu wa Garsen mnaokatiwa umeme mara tatu kwa siku, hapo mmeelewa zaidi kuliko wengine.)

Baada ya hapo kompyuta zikazoea kuishi kitajiri. Tanzania ilipofunga ICT 1500 kwenye Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine za ukubwa ule duniani kote zilikuwa zikikaa kwenye vyumba vyenye viyoyozi, na mlangoni huingii ovyo. Nadhani ndipo ilipotoka ile heshima ya kuvua viatu kabla ya kuingia maabara ya kompyuta, ambayo wengi wetu tuliikuta shuleni.

Kisha IBM ikatoa PC yake Agosti 1981, na kompyuta ikatoka chumba cha baridi ikaja mezani. Pawa saplai yake ilikuwa ya wati 63.5 tu, yaani karibu sawa na balbu ya zamani. Prosesa yake haikuwa na feni wala hitisinki juu yake. Lakini soma karatasi zake za kiufundi: ikiwa imewashwa, chumba kiwe kati ya nyuzi 15.6 na 32.2. Hapo ndipo Garsen ilipoachwa nje kwa maandishi. Aliyeandika namba ile hakuwa na ubaya na Mpokomo wala Muorma, alikuwa akiwaza ofisi ya kwao. Kompyuta nyingi za mezani za ofisini zilizofuata zimeandikiwa mwisho wa nyuzi 35, ambayo bado iko chini ya Machi ya Tana River.

Mambo yaliharibika kweli kweli mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kampuni za prosesa zilikuwa zikishindana kwa megahetsi, na mnunuzi alifundishwa kuuliza namba hiyo tu. Kwa miaka mingi kanuni aliyoieleza Robert Dennard wa IBM na wenzake mwaka 1974 iliwabeba: ukipunguza ukubwa wa transista, unapunguza na umeme inaokula, basi unaongeza kasi bila kuongeza joto. Februari 2001 Pat Gelsinger wa Intel aliwaonya wahandisi wenzake kwamba wakiendelea vile, kufikia 2005 prosesa itakuwa na joto kwa eneo sawa na kinu cha nyuklia, na kufikia 2015 sawa na uso wa jua. Mwaka huo huo tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video wakiwa wanang'oa hitisinki kompyuta ikiwa kazini. Athlon ya AMD iliungua ikatoa moshi. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea. Video ile iliwafundisha wengi kwamba prosesa inaweza kujilinda yenyewe, na leo zote hufanya hivyo.

Lakini Pentium 4 nayo ikafika ukutani. Toleo la Prescott lilitoka Februari 2004, na kabla ya mwaka kwisha toleo lake la gigahetsi 3.8 lilikuwa linatoa wati 115 kutoka kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Toleo la gigahetsi 4 lilikuwa limeahidiwa, likafutwa Oktoba mwaka huo huo. Craig Barrett, mkuu wa Intel, alipiga magoti jukwaani mbele ya hadhara kuomba radhi, kwa utani lakini magoti yalikuwa ya kweli. Mwaka 2006 zikaja Core 2 Duo, nyingi zikiwa za wati 65, na mbio za gigahetsi zikaisha.

Sasa jiulize: zile Pentium 4 zilizotupwa na ofisi za Ulaya zilikwenda wapi? Nyingi zilikuja kwetu. Zilikuja kama mitumba, zikaitwa "ex-UK" madukani, na nyingine zikapitia mashirika kama Computers for Schools Kenya, lililoanza 2002, zikaingia madarasani. Silaumu. Bila mashine hizo wengi wetu tusingegusa kibodi. Ila ukweli ni kwamba kizazi kizima cha Pwani kilijifunzia kompyuta kwenye prosesa za mezani zilizokuwa na moto kuliko zote zilizozitangulia, tena zikiwa zimeshavuta vumbi la miaka mitatu minne la nchi nyingine. Nadhani kauli ya "joto limezidi" ilipata nguvu hapo.

Haya, tuje kwenye mashine. Mwaka uliopita nilikuwa Garsen kwa kazi ya programu, na dada mmoja mwenye duka la kuchapa na kupiga fotokopi akaniomba niitazame ya kwake. Ni ya mezani, ex-UK, ya mwaka 2012 hivi. Kila mchana inazima ghafla. Vijana waliomaliza kidato cha nne hutoka Ngao na Idsowe kuja kwake kujaza maombi ya vyuo KUCCPS, na siku za mwisho za maombi foleni hufika nje. Mashine ikizima katikati, kijana anarudi nyumbani na nauli imekwisha. "Fundi, wameniambia ni hili joto letu, ninunue AC," akasema. AC ingemla faida ya miezi mingi.

Kwanza nikaangalia kumbukumbu za Windows. Zimejaa tukio namba 41, maana yake mashine ilizima bila kufuata utaratibu. (Namba 41 Garsen! Nilicheka peke yangu.) Tukio hilo peke yake halisemi kama ni joto au umeme, kwa hiyo nikaweka programu ya bure ya kusoma nyuzi za prosesa. Mashine ikiwa imetulia: 78. Nikafungua kurasa kadhaa na kuchapa: 97, halafu giza.

Hapo hesabu ikatoa jibu kabla ya bisibisi. Kwa kazi ile ile na feni ile ile, prosesa hupanda juu ya joto la chumba kwa kiasi karibu kile kile. Tuseme kule London, chumba cha nyuzi 22, prosesa ilikuwa 60. Imepanda 38. Ilete Garsen kwenye chumba cha nyuzi 37, itakuwa 75 hivi. Ni nyingi, lakini prosesa ya aina ile hujizima karibu na 100. Joto la Garsen limeongeza nyuzi 15 tu. Zilizobaki zina mwenyewe mwingine.

Nikafungua. Hitisinki ilikuwa imezibwa na vumbi lililoshikana kama blanketi, maana mashine ilikaa sakafuni, mlangoni, ikitazama barabara. Pesti kati ya prosesa na hitisinki ilikuwa imekauka ikawa chaki. Juu ya kasha palikuwa na kitambaa kizuri kilichofumwa kwa mkono, kimefunika matundu ya nyuma ili "vumbi lisiingie". Feni huvuta vumbi kupitia mbele, kitambaa kikazuia joto tu lisitoke. Kitambaa cha kufunika ni cha mashine iliyozimwa.

Brashi, blowa (feni ukiishika kwa kidole isizunguke ovyo), pesti mpya, mashine ikapanda juu ya meza. Kazi ile ile, chumba kile kile: 71. Dada akauliza kama aweke kitambaa kibichi karibu, kama mtungi unavyopoza maji. Nikamwambia mtungi hupoza kwa sababu unatoa jasho. Kompyuta haina jasho, unyevu utaila. Feni ya dari inatosha, haipunguzi nyuzi za hewa lakini inaondoa ile iliyochemka nyuma ya kasha.

Namba ya 35 yenyewe nayo imeshaanza kusogea. Mwaka 2011 ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, kiliongeza madaraja mapya ya seva: A3 inayovumilia nyuzi 40, na A4 inayovumilia 45. Kampuni kubwa zilichoka kulipia baridi. Mashine ya daraja la A4 ingekaa Garsen mwezi Machi bila kiyoyozi. Ya dukani bado imeandikwa 35, kwa hiyo isafishwe Desemba, kabla kaskazi haijakolea, na tena Juni.