Kituo cha Satelaiti cha Malindi

Kituo cha Luigi Broglio ni kituo cha ardhini cha mawasiliano na satelaiti kilichoko Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi, pwani ya Kenya. Kilianzishwa na Italia katika miaka ya 1960, na sasa kina jina la profesa aliyeongoza mradi huo. Awali kilihudumia urushaji wa roketi kutoka majukwaa ya San Marco na Santa Rita, yaliyosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana. Satelaiti mashuhuri kuliko zote zilizoondokea hapo, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Urushaji ulikoma mwaka 1988, lakini antena ziliendelea na kazi. Kwa kuwa kituo kipo takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, satelaiti inayozunguka sambamba na ikweta hupita juu yake karibu kila mzunguko, fursa ambayo vituo vya Ulaya havina. Ndiyo sababu AGILE ya Italia, iliyorushwa mwaka 2007, iliteremshia data zake hapa. Swift ya Marekani, iliyorushwa mwaka 2004, nayo imekitumia kituo hiki.