Paipu ya Maji na Mtutu wa Bunduki: Mafundi wa Meru na Embu Tuliowasahau

Ukitazama mashindano ya kulenga shabaha ya Olimpiki, angalia vizuri ncha ya zile bunduki. Kwa zingine utaona mtutu umeisha, halafu mbele yake kumefungwa paipu nyingine, na alama ya kulengea iko mwisho kabisa wa hiyo paipu. Mara ya kwanza kuiona nilidhani ni ya kuongeza risasi nguvu. Kumbe wapi! Risasi ikishatoka kwa mtutu inapita tu mle ndani bila kugusa chochote. Hiyo paipu ni ya kusaidia jicho. Inasukuma alama ya mbele iende mbali na ya nyuma, ndio kosa dogo la mkono lionekane mapema.

Hesabu yake ni rahisi. Alama mbili zikiwa sentimita 70 kutoka moja hadi nyingine, na ukose kuzipanga kwa nusu milimita, risasi yako itaenda pembeni kama milimita 36 kwa shabaha ya mita 50. Zitenganishe ziwe sentimita 90, na kosa lile lile linashuka hadi kama milimita 28. Duara la pointi 10 kwa umbali huo lina upana wa milimita 10.4 peke yake. Ndio maana mlengaji anachagua paipu yake kwa makini. Ikiwa nzito sana, inavuta bunduki chini. Isipokaa sawasawa na mtutu, risasi inaweza kuigusa, na hapo umeenda nyumbani.

Sasa shika hiyo picha: watu wanatafuta paipu ya kuokoa milimita nane. Halafu twende Mlima Kenya, upande wa Embu na Meru, mwaka wa 1953. Huko pia kulikuwa na watu wanachagua paipu. Tofauti ni kwamba kwao paipu ndio ilikuwa mtutu wenyewe.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Vijana wakaingia msituni, kwa Aberdare na kwa Mlima Kenya. Serikali iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kapu moja, na sheria kali zikawaangukia wote. Upande wa mlima aliyeongoza alikuwa Waruhiu Itote, tunayemjua kama General China, mtu aliyepigania Mwingereza huko Burma akiwa na King's African Rifles. Meru ilimtoa Musa Mwariama, na Baimungi pia. Embu ilimtoa Kubukubu. Hayo majina ya majenerali tunayajua. Mengine yako kwa mashule na kwa mabarabara.

Lakini jenerali bila bunduki ni nani? Na bunduki hazikuwepo. Askari wa serikali walikuwa na Lee-Enfield za .303, bunduki rashasha, na baadaye ndege za Lincoln zikidondosha mabomu msituni. Wapiganaji walikuwa na panga, simi, mikuki na bunduki chache za kuiba ama kunyang'anya. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha wakabeba silaha, na hiyo ilikuwa ushindi mkubwa kwa sababu nafasi kama hiyo haikuja kila wiki.

Hapo ndipo fundi anaingia. Paipu ya maji, kipande cha mbao, vyuma vya mlango, mpira wa tairi. Ukienda Gakoromone leo utapata vitu hivyo vyote vimepangwa chini vikiuzwa. Mafundi wa wakati ule walivigeuza bunduki. Ripoti za serikali zilikuwa zinatenganisha bunduki za kiwandani, ambazo waliziita silaha za usahihi, na hizi za kutengenezwa kwa mkono. Na hizi za mkono zilikuwa nyingi. Baadhi ziko mpaka leo kwa majumba ya makumbusho ya Uingereza. Ukiziona kwa picha unaweza kucheka. Zinakaa kama kitu mtoto ametengeneza likizo ya Agosti.

Usicheke haraka. Kwanza elewa mtutu ni nini. Mtutu wa Lee-Enfield umechongwa ndani mifereji inayojikunja, na hiyo mifereji inaishika risasi na kuizungusha, ndio iende moja kwa moja. Paipu ya maji haina mifereji. Haina hata kipimo kamili cha risasi, kwa hivyo moshi na nguvu vinavuja pembeni. Halafu kuna presha. Tairi la gari dogo linajazwa hadi kama mara mbili ya presha ya hewa tunayopumua. Risasi ya .303 ikilipuka, presha ndani ya mtutu inapita mara 2,000. Paipu ya kuleta maji jikoni haikuundwa kwa vita kama hiyo. Ilikuwa inaweza kupasuka usoni pa yule aliyeishika.

Sasa jiulize: kama haiwezi kulenga, na inaweza kukuua wewe mwenyewe, ilikuwa ya nini?

Mimi naona hapo ndipo watu wengi wanakosa hii story. Kuna wale wanaosema Mau Mau walikuwa na silaha za mchezo, hawangeweza kushinda. Kuna wale wengine wanaowachora kama mashujaa wa sinema, kila risasi inapata mtu. Zote mbili si kweli. Ile bunduki haikuwa ya kupiga shabaha mita 50. Ilikuwa ya karibu sana, ya giza, ya mlio. Mlio mmoja usiku karibu na kambi ya Home Guard, ambao wazee wanawaita kamatimu, na nani anajua huko nje kuna bunduki ngapi? Ilikuwa pia ngazi: unatumia mbaya kupata nzuri. Mlengaji wa Olimpiki anatafuta uhakika zaidi. Huyu alikuwa anaanza na uhakika sufuri, na bado anaenda.

Na bei yake ilikuwa juu. Chini ya sheria za Hali ya Hatari, kupatikana na bunduki ama risasi bila ruhusa kulikuwa na adhabu ya kifo. Hata risasi moja tu mfukoni. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kipindi hicho, na wengi wao hawakuwa wameshtakiwa kwa kuua mtu. Dedan Kimathi mwenyewe, aliponyongwa tarehe 18 Februari 1957, shtaka lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi. Kwa hivyo akina mama waliokuwa wanabeba risasi chini ya viazi kwa kiondo, wakipita mbele ya askari, walikuwa wamebeba kamba ya kunyongwa. Na yule fundi, kila akikata paipu, alikuwa anajua.

Serikali nayo ilijua nguvu ya watu kama hao, ndio maana haikupigana na msitu peke yake. Ilikata uhusiano kati ya msitu na kijiji. Watu walihamishwa kwa nguvu wakawekwa vijiji vya kulindwa. Walilazimishwa kuchimba mtaro wa kama kilomita 80 kando ya msitu wa Mlima Kenya, ndio chakula, habari na vyuma visipite. Bunduki ya paipu ilitegemea kijiji: mtu wa kuleta paipu, mtu wa kuleta risasi, mtu wa kunyamaza. Kijiji kilipofungwa, msitu ulianza kukauka. Na tusidanganyane, waliokuwa upande ule mwingine wa mtaro wakiwa kamatimu walikuwa majirani, wengine ndugu. Meru na Embu bado kuna familia haziongei kuhusu hiyo miaka.

Mwariama hakushikwa. Alitoka msituni Desemba 1963, uhuru ukiingia, na picha yake na Kenyatta iko mpaka leo. Baimungi naye hakuridhika. Alitaka kuona mashamba kwanza ndio azungumze mambo ya kurudisha silaha. Mapema 1965 aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru. Soma hiyo tena pole pole. Kenya huru. Mau Mau kama kundi lilibaki haramu kisheria mpaka 2003. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa, na wengi walikuwa wameshakufa wakingoja.

Maoni yangu ni haya. Tumewakumbuka majenerali kidogo, wapiganaji kidogo zaidi, lakini fundi hatumkumbuki kabisa. Jina lake haliko kwa barabara yoyote. Ilikuwa lazima afiche jina, kwa sababu jina lilikuwa linaua, halafu uhuru ulipokuja hakuna aliyerudi kumuuliza. Tunapenda kusema vijana wa jua kali ni wabunifu, na kila mwaka wanasiasa wanaahidi kuwajengea vibanda. Ukweli ni kwamba huo ubunifu ulikuwa hapa kabla ya hivyo vibanda, na kuna wakati ulilipiwa kwa shingo.

Sisemi mtu aende atengeneze bunduki, tafadhali. Ile ilikuwa silaha ya watu waliofungiwa milango yote, na iliwaumiza hata wao. Ninachosema ni kwamba jengo la Makumbusho ya Meru lilikuwa ofisi ya DC wa kikoloni. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuweka ukuta mmoja wa majina ya mafundi, kama tutayapata.

Na tutayapata kwa njia moja tu. Wikendi hii ukienda ushago, usikae kwa simu. Keti na shosho ama guka, uulize: "Hapa kijijini nani alikuwa fundi wa chuma wakati wa Hali ya Hatari?" Anaweza kunyamaza kwanza. Mpe muda. Akikutajia jina, liandike na umuulize alikuwa mtoto wa nani. Wanaojua hayo majina wanapungua kila mwezi.