Shadda inapopotea njia ndani ya wimbo

HEBU, msomaji, tamka neno ‘barabara’ mara mbili. Kwanza liwe njia ya magari, kama ile itokayo Rongo kwenda Homa Bay. Kisha liwe na maana ya ‘sawasawa’. Katika lile la kwanza shadda imekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika la pili imerudi nyuma hatua moja. Sasa liimbe. Anayeamua shadda ikae wapi si wewe tena, ni mahadhi.

Suala hili lina historia ndefu Nyanza Kusini. Mwaka wa 1906, Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo kutoka Malawi ya leo walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakaanzisha misheni ya Waadventista. Mtambo wa uchapishaji ukafuata mnamo 1913. Nyimbo za Kizungu zikavishwa maneno ya Kidholuo, na za Kiswahili nazo zikaenea. Maneno yalibadilika, mahadhi yakabaki yale yale.

Taabu ilianzia hapo. Mishororo mingi ya nyimbo za Kiingereza huishia kwa silabi yenye mkazo. Kiswahili nacho, ukitoa maneno machache kama ‘lazima’, hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Basi pigo zito la mwisho huangukia silabi nyepesi. Kidholuo ndicho kilichoumia zaidi, kwa sababu ni lugha ya toni. ‘Kendo’ ni meko, na ‘kendo’ pia ni kuoa. Matamshi ndiyo huzitenga maana hizo. Kikuria, kule Kehancha na Isebania, hata wakati wa kitenzi hutegemea toni ya juu inaanzia wapi. Mahadhi ya kigeni hayajui lolote kati ya hayo.

Wala si Nyanza pekee. Mwaka uo huo wa 1913, Igor Stravinsky, Mrusi aliyekuwa Uswisi, alikamilisha nyimbo tatu fupi za sauti ya mwanamke. Maneno yalikuwa mashairi ya kale ya Kijapani, likiwemo la Akahito wa karne ya 8, yaliyotafsiriwa kwa Kirusi. (Mshairi mwingine, Tsurayuki, alifika kwenye nota akiitwa Tsaraiuki! Safari ya tafsiri ina mambo.) Mashairi hayo, yaitwayo tanka, huhesabiwa mizani 5, 7, 5, 7 na 7, kama washairi wa Mvita na Lamu wanavyohesabu mizani zao. Stravinsky akasema: Kijapani hakina mkazo kama wa Kirusi, kwa hiyo acha shadda za Kirusi zigongane na muziki. Warusi wenzake wakalalamika, akashikilia lake.

Mimi simkubali kikamilifu. Kijapani kina kupanda na kushuka kwa sauti kunakotenga maana, jambo ambalo Mjaluo angelielewa upesi kuliko Mrusi. Lakini angalau yeye alichagua. Wafasiri wa Gendia walikuwa na mahadhi mkononi, maneno yakalazimika kufuata.

Na huku kwetu gharama ni kubwa. Mjini Migori, Mjaluo na Mkuria hukutana katika Kiswahili, na mtoto aghalabu hukihifadhi kwa wimbo kabla ya kukisoma kitabuni. Akihifadhi shadda ya Kiingereza ndani ya neno la Kiswahili, mwalimu ana kazi ya kuing’oa.

Jopo la wimbo wa taifa la 1963, akiwemo Graham Hyslop na Washington Omondi, ambaye baadaye aliandika tasnifu kuhusu muziki wa nyatiti, lilianzia kwingine: mahadhi ya Wapokomo ya kubembeleza mtoto.

Zile za zamani nazo si lazima zitupwe. Noti ya mwisho yenye uzito hugawika mara mbili: silabi ya pili kutoka mwisho ibebe pigo, ya mwisho ifuate kwa wepesi. Kwaya isiyosoma nota mara nyingi hufanya hivyo yenyewe, kisha mwalimu mwenye kitabu anakuja kuisahihisha.